Kiongozi Aliyefia Gizani

Moto ndio ulioanza. Jioni moja mwishoni mwa vuli, Stamena alikuwa anachochea meko apike maharage, akaona ndimi za moto zimelala zote upande mmoja, zikielekea mlango wa chumba cha wageni. Hakukuwa na upepo. Madirisha alikuwa ameyaziba mwenyewe kwa mablanketi, maana Wajerumani walitoa amri kwamba nyumba yoyote itakayoonyesha mwanga baada ya jua kutua itachomwa na waliomo. Akasogeza kuni. Moto ukanyooka kidogo, kisha ukalala tena kule kule.

"Hayumo," akajikuta anasema kwa sauti. "Tumeshamzika." Halafu akaona haya, mwanamke mzima kubishana na meko.

Aliyekuwa amelala chumba kile ni Tiosav Brankovac, kiongozi wa chama cha wakulima. Kabla ya vita mtu huyu akisimama juu ya mkokoteni wa ng'ombe siku ya mnada, watu waliacha nguruwe wao wapotee ili wamsikilize. Nchi ilipoanguka, mfalme alikimbilia ng'ambo na mawaziri wake; Tiosav akakataa kupanda ndege. Wajerumani walipounda serikali yao Belgradi wakamwita aje apewe kiti. Hicho nacho akakikataa. Mtu anayekataa viti viwili hubaki kukaa chini, na ndivyo alivyotufikia kijijini, amevaa koti zuri la mjini lililochanika mfukoni, anakohoa. Alichagua nyumba ya Stamena kwa kuwa mumewe, Radisav, alikuwa mwanachama wa kufa na kupona, na kwa kuwa nyumba ile iko juu peke yake, kwenye miplamu, yaani miti ya plamu, mbali na macho ya watu. Radisav mwenyewe hakuwepo. Alichukuliwa mateka pamoja na jeshi zima akapelekwa kambini Ujerumani, na tangu hapo Stamena aliishi na ng'ombe mmoja na kimya kingi.

Kwetu mtu hafi bila mshumaa. Hata maskini wa mwisho, pumzi zikianza kukatika, hushikishwa mkononi mshumaa wa nta ya nyuki uliowashwa, aione njia anakokwenda. Kufa gizani ndiyo laana tunayomwombea adui, na hata hapo tukishaitamka tunatubu. Tiosav alikuwa mtu wa mikutano na magazeti, lakini mama aliyemzaa alikuwa mwanamke wa kijijini, na kifua kilipomzidi alisahau magazeti yote.

"Stamena," alinong'ona jioni ile ya mwisho. "Mshumaa."

Nje, barabarani chini ya miplamu, zilisikika buti. Doria ilikuwa imesimama pale pale, wanabishana njia. Ndani walikuwa watatu: mgonjwa, Stamena, na shemeji yake Vukoje, kaka wa Radisav, aliyekuwa ameleta maziwa ya mbuzi.

"Subiri kidogo, mheshimiwa," Stamena akasema, machozi yanamtoka. "Wapite tu."

"Nimesubiri mengi, mama. Hili halisubiri."

Mkono wake ulikuwa umenyooshwa, vidole vimekunjwa kama vinavyoshika kitu. Stamena akageuka kuelekea kabati. Vukoje akamshika kifundo cha mkono, akamkaza mpaka mfupa ukauma. "Ukiwasha, mwanga utapenya blanketi, sote tumekwisha," akasema sikioni mwake. Buti zilipoondoka hatimaye, mkono wa Tiosav ulikuwa umeshapoa, na vidole havikukunjuka hata walipojaribu kuvinyoosha. Walimzika chini ya miplamu bila kasisi, kwa kuwa kasisi alikuwa ameshachukuliwa, na bila msalaba, kwa kuwa msalaba ungewaelekeza waliomtafuta.

Baada ya moto kulala ukaanza kuzimika. Stamena aliwasha taa ya mafuta, ikaenda vizuri kwa muda wa kumenya kitunguu, kisha ikafinyika na kufa bila moshi. Akawasha meko, meko yakafa. Akaenda kwa Vukoje kuomba makaa. Akayabeba ndani ya chungu, mekundu, yanampasha uso njia nzima, na alipovuka kizingiti yakawa meusi yote kwa mara moja. Nyumba ikaanza kunuka. Haikuwa harufu ya maiti, hiyo angeielewa. Ilikuwa harufu ya utambi uliozimwa sasa hivi, na sufu mbichi, na tumbaku ya mjini ambayo Radisav hakuwahi kuivuta. Alikula maharage ya baridi. Alilala amevaa koti, amejibanza kwenye ubavu wa ng'ombe zizini, akiona aibu na kushukuru kwa pamoja.

Kisha zikaja hotuba.

Ilikuwa mchana, ukungu umejaa shambani. Stamena alikuwa anachambua sufu aliposikia kikohozi nyuma ya mlango wa chumba cha wageni, kile kikohozi kirefu anachokohoa mtu akijiandaa kusema mbele ya watu. Sauti ikafuata, ya chini na yenye adabu. "Ndugu wakulima," ilisema. "Tumekutana hapa leo..." Ikaeleza habari ya bei ya ngano, na mikopo, na shule. Ilifika mahali ikapanda, ikapaza neno la mwisho, halafu ikanyamaza. Stamena alikaa na sufu mapajani, nywele zimemsimama, akangoja iendelee, na ilimchukua muda kuelewa kwamba sauti ile nayo ilikuwa inangoja. Ilikuwa inangoja makofi. Hayakuja, na baada ya kitambo ikaanza tena mwanzo: "Ndugu wakulima," lakini safari hii polepole, kama mtu asiye na hakika kwamba ukumbi una watu.

Alimweleza Vukoje. Vukoje alikuwa mtu wa mzaha hata makaburini, lakini siku hiyo alitazama mlango wa chumba kile akajikuta anaongea kwa kunong'ona.

"Wanasiasa, shemeji. Hata wakifa hawanyamazi."

"Usicheke, Vukoje."

"Sicheki, naogopa. Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu jembe tulimpa, tukamchimbia nalo kabisa, na bado haondoki! Nitachonga kigingi cha mti wa miiba. Tumfukue, tumpigilie kifuani, tumalize."

"Umpigilie kiongozi wako kigingi?"

"Kiongozi wangu alikuwa hai. Hiki sikijui."

Stamena hakukubali. Alisema ni dhambi, na kweli ni dhambi, ila ukweli wenyewe ulikuwa mwingine na aliuonea haya kuliko dhambi. Tangu Radisav aondoke hakuna aliyeongea ndani ya nyumba ile. Majirani walikuwa wanaogopa kupanda huko juu; wanawake wa rika lake walikuwa na watoto wa kuwagombeza, yeye hakujaliwa hata mmoja. Jioni zikikaribia alijikuta anasogeza kigoda karibu na mlango ule, anajifunika blanketi, anasikiliza habari za mikopo ya wakulima kutoka kwa mtu aliyemzika kwa mikono yake. Upweke unaweza kumfanya mtu azoee chochote.

Na jioni moja, sauti iliponyamaza kama kawaida yake na kungoja, akaona huruma imemjaa mpaka kooni, akapiga makofi.

Hapo ndipo alipojua kwamba mpaka wakati ule kile kitu hakikuwa kimemwona. Kimya kilichofuata hakikuwa kile cha kungoja, kilikuwa cha mtu aliyegeuza kichwa, na mlango, ambao alikuwa ameufunga mwenyewe kwa komeo la chuma, ukafunguka upana wa kiganja bila komeo kulia, na ndani yake hakukuwa na chumba wala kitanda wala dirisha, palikuwa na giza lililosimama wima kama ukuta, na kutoka gizani ikaanza kuja baridi, ikapita juu ya miguu yake, ikapanda magotini, ikafika kifuani na kumkaba, na katika baridi ile vidole, vimekunjwa kama alivyoviacha, vikapapasa shavu lake, sikio lake, mkono wake wa kulia, vikaufungua, vikautafuta ndani kwa bidii ya kipofu anayetafuta ufunguo, visikute kitu, na sauti, karibu sana, bila hotuba tena, ikasema kama mtoto aliyeachwa: "Stamena. Mshumaa. Sioni mtu hata mmoja huku."

Alikimbia bila viatu mpaka kwa mama Krunija.

Mama Krunija ndiye aliyekuwa akitutibu sote, hofu za watoto na vijicho vya wakubwa. Aliyeyusha madini ya risasi kwenye kijiko kikubwa, akaimimina ndani ya bakuli la maji juu ya kichwa cha Stamena, risasi ikalia chwaa. Akaitoa, akaigeuza mwangani. Kwa kawaida hutokea umbo la mbwa, au la mtu, au la farasi, la kile kilichomtisha mgonjwa. Safari hii lilitokea umbo la mkono.

"Nyie," akasema mama Krunija polepole. "Mlimwacha afe bila mshumaa."

"Doria ilikuwa nje, mama."

"Sikulaumu, mwanangu. Lakini huyu si wa kufukuzwa, wala kigingi hakitamsaidia mtu. Huyu hajui njia. Kila moto anaouona anaurukia kama nondo, hana nguvu ya kuubeba, anauua. Mpe mshumaa wa nta, mkononi, kwa jina lake. Ataondoka. Unao?"

Stamena alikuwa nao mmoja. Kijiji kizima hakikuwa na mwingine, kwa kuwa askari walibeba mizinga ya nyuki yote na kanisa likafagiliwa mpaka vinara. Ule mmoja aliukunja mwenyewe kutoka kwenye sega la mwisho, akauficha kabatini, ndani ya kifuko cha ngano, kwa ajili ya sikukuu ya nyumba yao. Kila ukoo kwetu una mtakatifu wake; wa ukoo wa Radisav ni Nikola, na siku yake ilikuwa karibu. Mshumaa wa siku ile huwashwa mezani kwa ajili ya mwenye nyumba. Ukizimika wenyewe kabla ya wakati, mwenye nyumba hamalizi mwaka. Hilo hata mtoto analijua.

"Nta yenyewe," mama Krunija akauliza, akifuta kijiko, "imeshatajiwa jina la mtu?"

"Kwa nini?"

"Kwa sababu maiti hawadhulumu, mwanangu. Ukimpa kilicho cha mwingine atakipokea, ana shida. Lakini akishaona njia atakwenda kukirudisha kwa mwenyewe, popote alipo. Na anayepokea kitu kwenye mkono wa maiti habaki upande huu. Kwa hiyo niambie. Imetajwa?"

Stamena aliona mbele ya macho yake meza ya jikoni mwishoni mwa kiangazi, na mikono yake ikiviringisha nta ya vuguvugu, na mdomo wake ukisema kwa kila mviringo: wa Radisav, wa Radisav, arudi Radisav. Akafikiri upesi, kama anavyofikiri mtu aliyebanwa. Akiuwasha mezani, yule atatoka mlangoni aujie, atauzima, na Radisav atakufa. Asipouwasha mezani kabisa, hautakuwa umezimika. Mshumaa ambao haukuwashwa mezani hauwezi kuhesabiwa kuwa umezimika. Na aliwahurumia wote wawili, aliye kambini na aliye gizani, na alikuwa amechoka mno na baridi.

"Haijatajwa," akasema.

Siku ya Nikola ukungu ulishuka mzito hata Vukoje, aliyekuwa hatua chache tu mbele, alionekana kivuli. Ilikuwa bahati, doria isingeona mwanga wowote. Walipanda miplamuni kabla giza halijaingia, wote watatu. Mama Krunija alibeba bakuli la ngano iliyochemshwa, Vukoje chupa ya pombe ya plamu, na Stamena mshumaa ndani ya nguo, kwenye joto la kifua. Theluji juu ya kaburi ilikuwa safi. Wakachimba shimo dogo pale ambapo mkono wa kulia ulikuwa umelala.

"Sema," mama Krunija akanong'ona.

"Kwa roho ya Tiosav," Stamena akasema. "Utusamehe, mheshimiwa. Tuliogopa."

Akawasha. Moto haukulala upande wowote. Ulisimama wima, wa manjano, mnene, na theluji kuuzunguka ikang'aa, na kwa mara ya kwanza tangu vuli Stamena akahisi joto la moto usoni. Vukoje, yule wa mzaha, alivua kofia akalia waziwazi. Kutoka chini, au kutoka ndani ya ukungu, walisikia pumzi ndefu ya mtu anayetua mzigo.

"Twendeni," mama Krunija akasema. "Msigeuke."

Kulipokucha Stamena alikwenda peke yake kuangalia. Hakukuta kipande cha mshumaa wala utambi, wala tone la nta juu ya theluji. Mama Krunija alipoambiwa akapiga ishara ya msalaba akafurahi. "Ameuchukua wote," akasema. "Ameshaona njia."

Tangu siku ile meko yakawaka kama meko ya watu. Chumba cha wageni kikanuka vumbi tu. Stamena alipika, akafua, akafungua mlango ule na kutandika kitanda, na zilikuwepo jioni, Mungu amsamehe, alizokaa karibu nacho akihisi nyumba imekuwa kubwa kupita kiasi. Lakini alijiambia kwamba kazi ya nyumba ni kumngojea Radisav, na mwenye kungoja hana haki ya kulalamikia ukimya. Alimfumia soksi. Alizipanga kabatini jozi kwa jozi.

Miplamu ilipochanua, alipanda kwake mtu aliyeitwa Gvozden, wa kijiji cha ng'ambo ya kijito. Alikuwa mateka kambi moja na Radisav. Wajerumani walimwachia kwa kuwa mapafu yake yalikwisha na hakuwafaa tena kwa kazi. Stamena alimkaribisha, akamwekea kijiko cha matunda ya sukari na glasi ya maji, akammiminia pombe ya plamu. Gvozden akaishika glasi, akamtazama, kisha akamwaga matone machache sakafuni kabla ya kunywa. Kwetu anayefanya hivyo anamnywea marehemu.

Stamena akakaa.

"Lini?" akauliza.

"Siku ya Nikola, shemeji. Jioni."

"Aliumwa?"

"Ndilo linalonishinda. Aliumwa kabla, homa ikamwacha. Siku ile alikuwa mzima anatutania, anasema leo kwangu Stamena amechinja kuku, anakula na ng'ombe wake, wao wawili tu. Wakatuzimia taa. Mara akaketi kitandani, akauliza, 'Nani yule mzee?' Tukamwambia lala, hakuna mzee hapa. Akasema, 'Huyo mwenye koti la mjini. Ana mshumaa. Anasema ni wangu, amekuja kunirudishia.'"

Nje ng'ombe alilia, akanyamaza.

"Sisi hatukuona kitu," Gvozden akaendelea, akizungusha glasi mezani. "Giza tupu. Mimi mjinga nikacheka, nikamwambia, kama ni wako si uupokee, tupate mwanga? Akanyoosha mkono. Banda zima likanuka asali, shemeji, asali, mahali ambapo hatukuwa tumeona hata sukari. Asubuhi tulipomnyoosha vidole, kiganjani alikuwa na nta."

Stamena hakulia. Alikuwa anaitazama mikono yake.

"Nimekuambia ili ufarijike," Gvozden akasema kwa upole. "Wenzetu wamekufa kule gizani kama mbwa. Yeye peke yake alipata mshumaa. Nani alimpelekea, Mungu anajua."

"Mimi," akasema Stamena.

Gvozden alidhani ni uchungu unaosema. Akamshika bega, akamaliza glasi yake, akavaa kofia, akateremka taratibu kati ya miplamu iliyochanua. Stamena alibaki amekaa pale pale mezani mpaka jua likatua na nyumba ikajaa giza, na hakuinuka kuwasha taa.